Nimetengeneza simu ya Mkongo, nikakutana na mtu mwenye ngozi ya bodi. Wajuzi wa sanaa njooni

FundiBodi (mtoa mada)

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Kirumba, Mwanza, kwenye njia ya kushuka soko la dagaa la Mwaloni. Sanaa sijasomea. Mara ya mwisho kuchora kitu ilikuwa darasa la nne, nikachora kuku, mwalimu akaniandikia "jitahidi", na mpaka leo najitahidi. Kwa hiyo nikikosea nisahihisheni taratibu, msinivamie.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja wa Kikongo, katika wale wanaokuja kufunga dagaa magunia kwa magunia wapeleke kwao. Simu imeingia maji. Kwa sisi wa huku ziwani simu kuingia maji ni kama mafua, hayakosekani: mvuvi kainama kuvuta wavu, dada kajipiga picha juu ya mawe ikamponyoka. Nikaifungua, nikasugua bodi, ile sahani ya saketi iliyo ndani ya simu, kwa mswaki na spiriti, nikaipasha bloa kidogo, nikaweka mita. Shoti, njia ya chaji. Nikang'oa kapasita moja, kidude cha kutunza umeme, iliyokuwa imekufa, nikafunga, nikabonyeza, ikawaka.

Ilivyowaka ndipo kisa kinapoanza. Kwenye kioo nikaona bodi. Moyo ukapiga paa, nikajua hapa nimeua kioo cha watu, naona mpaka matumbo ya simu. Nikaigeuza, nyuma imefungwa vizuri. Nikaisogeza kwenye taa. Kumbe ni picha. Mtu amekaa, amejitanda kitambaa kizito cha maua na rangi za kuwaka, mikunjo imechorwa mpaka unatamani kuishika, kichwa kimeinama kama cha mtu aliyekesha msibani. Na kila ngozi inapotokeza, shingo, mikono, uso, ni bodi. Bodi nyeusi na njia zake zote.

Mama alipokuja kuchukua simu nikamuuliza, huyu ni nani? Akanijibu kwa Kiswahili chao: "Uyo mwenye anachora ni wa kwetu, wa Kinshasa. Ile mawe ya kwetu njo iko mu telefone yako." Akalipa, akaondoka na dagaa wake. Mimi nikabaki nimeshika pesa.

Usiku nikatafuta. Mchoraji anaitwa Eddy Kamuanga Ilunga, kazaliwa Kinshasa mwaka 1991. Aliingia chuo cha sanaa cha pale Kinshasa, akaona kinambana, akatoka. Mwaka 2011 akaanzisha karakana na wasanii wenzake, wakaiita M'Pongo. Anachora turubai kubwa, watu wakubwa kama sisi. Leo michoro yake inaonyeshwa London na kwingineko. Na hizo saketi kwenye ngozi ni alama yake.

Sasa niseme lile lililonileta. Mimi bodi ndiyo chakula changu. Naiangalia kwenye hadubini kutwa nzima. Njia za shaba kwenye bodi zina adabu yake: zinakwenda sambamba, zikitaka kukata kona zinakata kwa mshazari, hazigusani, na kila moja inaishia kwenye kitobo au kwenye mguu wa kitu. Zikigusana ndiyo shoti yenyewe. Nikitafuta tatizo huwa nafuata njia moja kwa sindano ya mita mpaka nifike inapokatika. Basi usiku ule nikakuza picha, nikafanya hivyohivyo kwa kidole. Nikaanzia begani kwa yule mtu, nikashuka na mkono, nikafika kiwiko. Njia ikaingia chini ya kitambaa, ikapotea.

Nimelala nikiifikiria ile njia.

Huko mtandaoni wanaandika kwamba hii ni picha ya kesho, ya binadamu wa zama zijazo, mambo ya sayansi ya kubuni. Mimi naona huyu mtu ni wa leo, tena wa leo asubuhi. Kuna kidude kwenye bodi, mafundi wenzangu mnakijua, cha rangi ya njano au ya machungwa, kina mstari upande mmoja. Kapasita ya tantalamu. Ukikiweka kinyume kinakupasukia na moshi wake unanuka mpaka mteja anakimbia. Tantalamu ni metali inayotoka kwenye jiwe la koltani, na koltani kwa sehemu kubwa inatoka Kongo, kwenye milima kama ya Rubaya kule Masisi, Kivu Kaskazini, ambako watu wanaifukua kwa sururu na chepeo. Yaani kuna mikono iliyoshika lile jiwe kabla yangu. Mchoraji kaichukua ile bodi akairudisha kwenye ile mikono.

Haya, nimemaliza. Nyie mnaona nini?


Dagaa wa Moshi

Bila picha hii ni chai. Weka picha mkuu.


FundiBodi

Picha ina mwenyewe, mkuu. Jina nimekupa, andika mwenyewe utaziona nyingi tu.


Dagaa wa Moshi

Nimeziona. Aisee. Nafuta kauli. Naweka kambi hapa.


Mlinzi wa Zamu

Mtoa mada umeingia mahali pabaya bila kujua. Hizo ni alama. Wanatuandaa kisaikolojia tukubali kuwekewa vidude mwilini, wanaanza na michoro, ukizoea kwenye picha hutashangaa kwenye ngozi. Mimi simu yangu yenyewe nalala nimeiweka chumba kingine.


FundiBodi

Mkuu, nimefungua maelfu ya simu na sijakutana na pepo hata mmoja. Nimekutana na mende. Na mchanga wa Mwaloni.

Ila nikuulize: unaogopa kidude kuingia mwilini mwako, je, yule ambaye mwili wake umeingia kwenye kidude?


Mlinzi wa Zamu

Hapo umeninyamazisha kidogo. Lakini bado sijakubali.


Spea Orijino

Fundi mwenzangu, nikurekebishe kidogo, usipotoshe watu. Kapasita nyingi kwenye simu za sasa ni za seramiki. Hiyo uliyong'oa kwenye njia ya chaji kwa vyovyote ilikuwa ya seramiki, kile kivumbi cha kahawia ambacho ukipiga chafya kinapotea. Tantalamu zimebaki sehemu chache. Ila ni kweli bado zinatumika, na kwenye kompyuta na vifaa vingine ziko za kutosha.


FundiBodi

Sahihi kabisa, niliyong'oa ilikuwa ya seramiki. Nilichanganya habari mbili kwa sababu ya joto la mada. Asante fundi.


Mwalimu wa Historia

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha historia mpaka chaki ikanichosha, sasa nipo Igoma nafuga kuku. Mada hii imenifurahisha, naomba niongeze mambo ambayo fundi wetu ameyapita.

Kwanza, angalieni vichwa na nywele za baadhi ya watu katika michoro hiyo. Hao ni Wamangbetu, watu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, upande wa mto Uele. Zamani walikuwa wakifunga kichwa cha mtoto mchanga ili kirefuke kwenda nyuma, na wanawake walisuka nywele zikasimama kama taji pana. Kwao ulikuwa ndio uzuri na ukubwa wa ukoo. Wazungu walipofika wakawapiga picha kwa wingi, zikauzwa huko kama vitu vya kushangaza. Sasa kijana wa Kinshasa anawarudisha, lakini safari hii ngozi yao ni saketi. Anayewatazama leo akawaona kama viumbe wa sayari nyingine ajiulize macho hayo kayapata wapi.

Pili, tazameni vyombo. Kwenye baadhi ya michoro kuna magudulia na sanamu za kauri, vitu vya Kizungu kabisa, vinakaa pembeni ya mtu kama vile vinamsubiri. Wareno walifika mdomo wa mto Kongo miaka ya 1480. Biashara ikaanza, na baada ya muda ikawa biashara ya watu, na vyombo vya kauri vikawa miongoni mwa vitu walivyobadilishwa navyo binadamu. Maonyesho yake ya London ya mwaka 2018 yalizungumzia hasa habari hiyo. Sisi watu wa pwani (mimi kwetu ni Bagamoyo, ziwa lilinioa tu) kauri tunaijua: mababu walipachika sahani za Kichina kwenye makaburi, nendeni Kunduchi mkaone matundu yalipokuwa. Kwetu sahani ilimpamba marehemu. Kule sahani ilimnunua mtu hai.

Kwa hiyo mchoraji ameweka malipo mawili kwenye turubai moja. Zamani mtu alitolewa kwa sahani. Sasa jiwe linatolewa kwa simu.

Kuhusu jina la aina hii ya sanaa: wanaiita afrofuturizimu, yaani sanaa ya kuwaza kesho ya watu weusi. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1993 na mwandishi wa Kimarekani, Mark Dery, tena ni mzungu. Aliwauliza wasomi na waandishi weusi kwa nini watu weusi waandikao hadithi za sayansi ni wachache kiasi kile, wakati historia yao wenyewe ndiyo hadithi hiyo: viumbe wageni wanakuja na vyombo vikubwa, wanakukamata, wanakupeleka dunia usiyoijua lugha yake.


Dagaa wa Moshi

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya viumbe wageni kuja na vyombo imenipiga. Sikuwahi kuiwaza hivyo.


Mwalimu wa Historia

Marahaba. Ulikuwa unasinzia darasani.


Duara la Tatu

Mimi nimechimba dhahabu, Geita, kwenye duara (mashimo) za wachimbaji wadogo, miaka sita. Nimeziangalia hizo picha na nina ugomvi nazo.

Watu wake ni wasafi mno. Mimi sijawahi kuona mchimbaji kavaa kitambaa cha maua. Sisi tulishuka na bukta iliyochanika na tochi kichwani. Unakaa chini huko saa nane, saa tisa, matimba, yale magogo ya kushikilia shimo, yanalia juu yako, unapandisha viroba kwa kamba. Ukitoka juani jasho limechanganyika na vumbi la mawe likakukauka mwilini, unang'aa. Kweli, mtu anang'aa kama kamwagiwa fedha. Kisha unaona mistari, jasho linapochuruzika linachora njia kwenye vumbi, kutoka kwenye kisogo mpaka kiunoni. Mwenzangu akicheka naona mpaka ngozi yake inapasuka pasuka. Mwanangu wa kwanza alikuwa hanisogelei mpaka nioge.

Halafu karashani, unasaga mawe, vumbi unakula. Kisha zebaki unakanda kwa mkono mtupu kama unga wa ugali.

Kwa hiyo nasema, mistari kwenye ngozi naikubali, hiyo ipo, nilikuwa nayo. Vitenge hapana.


Binti wa Igogo

Kaka Duara, umeandika vizuri kuliko wanaolipwa kuandika. Naomba nikujibu hilo la vitenge kwa heshima.

Mimi nachora, najifunza. Nilivyoelewa, vitambaa vile navyo ni sehemu ya shtaka. Kitenge cha nta tunachokiita cha Kiafrika asili yake ni batiki ya Indonesia. Waholanzi wakaiiga kwa mashine wakitaka kuwauzia Waindonesia, kisha ikapata soko Afrika Magharibi, ikaenea, mpaka sasa ukitaka kuonekana Mwafrika wa kweli unavaa kitambaa kilichobuniwa kiwanda cha Uholanzi. Na sisi hapa Usukuma tunalima pamba! Mama yangu mpaka leo anatunza kitenge cha Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, hakivai, anasema kikichakaa hakuna kingine.

Kwa hiyo yule mtu pale juu ya turubai: ngozi yake imetoka mgodini ikaenda kurudi kama simu, nguo yake imetoka mbali, gudulia lake limetoka mbali. Chake ni kipi? Mkao. Ule mkao wa kuinamisha kichwa. Mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu.


Duara la Tatu

Sawa dada. Nimekuelewa. Ila ningemchora mmoja, angalau mmoja, na bukta.


Maji ya Bomba

Hilo jina tantalamu mnajua limetoka wapi? Mkemia wa Uswidi, Ekeberg, alipoligundua mwaka 1802 akalipa jina la Tantalo wa hadithi za Wagiriki. Adhabu ya Tantalo: amesimamishwa ndani ya maji mpaka kidevuni na ana kiu, akiinama anywe, maji yanashuka. Matunda yako juu ya kichwa chake, akinyoosha mkono, tawi linapanda. Mkemia alikuwa anazungumzia tabia ya lile jiwe, unalitumbukiza kwenye asidi wala halinywi.

Sasa mimi nakaa mlimani Mabatini, ziwa naliona dirishani, ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Na bomba langu lilikohoa upepo wiki nzima. Nikisoma habari ya Tantalo najiona kabisa.


Dagaa wa Moshi

Umenichekesha na huku nimebeba ndoo.


Mlinzi wa Zamu

Na Wakongo nao vilevile. Wamesimama juu ya mali mpaka kidevuni.


FundiBodi

Mkuu Mlinzi, umerudi! Na umesema neno kubwa kuliko langu.


Hailipi

Mimi sioni mpya hapa. Mchoraji kauza turubai kwa matajiri wa London, tajiri kaitundika sebuleni, anaitazama akiwa ameshika simu mpya. Mchimbaji wa Rubaya kapata nini? Hata sisi kelele zote hizi tunaandikia kwenye simu. Tuache unafiki.


Binti wa Igogo

Swali la haki, sitalikwepa. Nami linanisumbua, hasa kwamba mimi niliye Mwanza nikitaka kuiona turubai yake kwa macho lazima nipande ndege niende mji ambao hakuna hata gramu moja ya koltani. Naiona kwenye kioo cha inchi sita, rangi zimebanwa, ukubwa wa mtu umekuwa ukubwa wa dole gumba. Lakini ndugu Hailipi, umeona kichekesho kilichomo? Njia pekee ya mchoro ule kunifikia mimi ni kupitia kile kitu unachokishtaki. Kioo changu kinawaka kwa jiwe lile lile. Sijui kama mchoraji alilikusudia hilo, lakini ukiitazama kwenye simu, mchoro unakutazama.

Tena tusiseme kama vile yuko peke yake. Kongo hiyohiyo yuko mzee Monsengo Shula, kazaliwa 1959, yeye ni wa ile michoro ya Kinshasa ya mitaani, ya rangi kali na mambo ya watu. Mwaka 2014 alichora wanaanga weusi wanaelea angani, suti zao za mapambo ya kwetu, na katikati chombo kilichobeba sanamu ya jadi. Akaipa jina la Kilingala, *Ata ndele mokili ekobaluka*, yaani hata ikichelewa, dunia itageuka. Ilionyeshwa Paris mwaka 2015. Hao ni watu wawili wa mji mmoja: mmoja anampeleka Mwafrika angani anacheka, mwingine anamkalisha chini anamwambia hebu tuone mkono wako.

Mimi napenda wa pili. Wa kwanza natundika sebuleni, wa pili ananifukuza sebuleni.


Hailipi

Ndiyo maana najiita Hailipi. Lakini nimekusikia.


Tai wa Saanane

Anga tunaisingizia ni ya wenzetu. Mwaka 1964 Zambia imepata uhuru, mwalimu mmoja, Edward Makuka Nkoloso, alikuwa anafundisha vijana kwenda mwezini na Mirihi, anawabingirisha kwenye pipa wazoee kuelea. Dunia ikacheka. Na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, lakini jina lake ni Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Neno la Kiswahili limekwenda angani zamani, waliobaki ni wenye neno.


Mwalimu wa Historia

Naongezea la nyumbani. Kabla ya neno afrofuturizimu kuzaliwa, George Lilanga, Mmakonde, aliyeishi 1934 hadi 2005, alikuwa Dar es Salaam anachora mashetani yake: masikio kama mabakuli, midomo mikubwa, vidole viwili viwili, wanapika, wanapiga porojo, wanagombania chakula. Viumbe wa dunia nyingine wenye tabia zetu zote. Wazungu waliwanunua kwa furaha. Sisi tulisema ni vinyago vya watalii.


Dagaa wa Moshi

Mwalimu, mimi nilivua dagaa kabla sijawa muuzaji, nitasema kitu mnisamehe kama kiko nje ya mada. Usiku wa giza, mwezi haupo, ukiwa katikati ya ziwa na taa zimewashwa, zamani karabai, sasa hizi za sola nyeupe, ukitazama mbele huoni ziwa. Unaona mji. Taa mamia zinaelea, juu nyota, chini nyota, hujui upeo uko wapi. Dagaa wanapanda kuja kwenye mwanga wanazunguka kama vumbi la fedha. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba, nikadhani nimekufa niko ahera. Mtu akitaka kuchora anga za mbali na watu weusi ndani yake, aje Mwaloni saa mbili usiku apande mtumbwi. Awe na koti.


Binti wa Igogo

Kaka, hiyo haiko nje ya mada. Naomba lifti ya mtumbwi.


Spea Orijino

Swali la kiufundi kwa wachoraji. Nyeusi. Mtu akimchora mtu mweusi kwa rangi nyeusi kabisa, na juu yake anachora njia za saketi, mbona haviungani vikawa doa? Kwenye picha zake naona mkono una duara lake, una nyama. Anafanyaje?


Binti wa Igogo

Nyeusi si moja. Yuko Mmarekani, Kerry James Marshall, kazaliwa Alabama mwaka 1955, huyo amejenga kazi yake yote juu ya jambo hilo. Anawachora watu weusi tii, si kahawia, weusi, na anatumia rangi nyeusi za aina tofauti: ya mifupa iliyochomwa, ya masizi, ya oksidi ya chuma. Moja ina ubaridi, nyingine ina joto, akizikalisha pamoja mtu anapata shavu na kivuli. Siri za Kamuanga sijakaa karakanani kwake, lakini kila anayechora ngozi yetu lazima apitie mlango huo. Vibandani wanatupa kahawia moja ya kopo, wanasema hiyo ndiyo "rangi ya mtu". Mtu gani?


FundiBodi

Wakuu nimerudi, nina la kuwaambia, nilikuwa nasubiri likamilike kidogo.

Mnakumbuka nimesema kibanda kiko njia ya Mwaloni. Bango langu lilikuwa limepauka, limeandikwa FUNDI SIMU na picha ya simu ya batani ambayo hata mimi sikumbuki mara ya mwisho kuitengeneza. Nikamwita yule kijana anayechora mabango ya saluni na bucha hapa kwetu. Nikamwonyesha mchoro wa Mkongo. Nikamwambia sitaki uige, kazi ya mtu iheshimiwe, nataka mkono. Mkono wangu mimi, umeshika simu, na kuanzia kwenye kifundo kwenda juu uwe bodi.

Akakaa kimya, kisha akaniuliza, bodi ya simu gani? Nikampa bodi mfu tatu achague. Akachagua ile yenye kutu ya maji. Akasema hii ina sura.

Sasa hiyo ya nyeusi, Spea, nimeiona kwa macho yangu. Kafungua kopo jeusi, nikajua anapaka. Akalimimina kwenye kifuniko, akatia bluu kidogo, akakoroga, upande mwingine akatia nyekundu ya kutu. Nikamuuliza kwa nini unaharibu rangi? Akasema nyeusi ya kopo ukiiacha peke yake jua la Mwanza linaifanya majivu miezi mitatu tu, halafu hata ikiwa mpya ni shimo, mkono hautasimama. Bluu upande wa ziwa, nyekundu upande wa barabara. Kijana huyo hajasoma popote na wala Marshall hamjui. Nimemuongezea hela ya soda.

Nilikaa nimenyoosha mkono saa nzima. Wateja wananicheka, mmoja akauliza kama napimwa presha. Nikagundua kitu: nina alama za moto kumi na mbili kwenye huu mkono, za bloa na risasi ya kuchomelea, sikuwahi kuzihesabu. Kijana akaniuliza azifute au aziweke. Nikamwambia aziweke, na akazifanya zile nukta ambazo njia zinaishia. Kila njia kwenye mkono wangu inaishia kwenye kovu.

Jana yule mama wa Kikongo akapita, amekuja tena kwa dagaa. Akasimama mbele ya bango, ametua furushi, anaangalia bango, ananiangalia mimi, anaangalia bango. Nikasubiri aseme neno la maana.

Akasema: "Eh, fundi. Ata weye umeingia mu telefone."

Akanitolea simu nyingine, ya mdogo wake. Imeingia maji.


Duara la Tatu

Fundi, weka picha ya hilo bango.


FundiBodi

Bado kidole gumba. Rangi ikikauka nitaweka.